Taa ya mbele imejaa maji: nizibe au nitoboe?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Nyegezi, Mwanza, na nina Toyota IST niliyoinunua kwa mtu. Taa ya mbele ya kushoto inaingia ukungu kila mvua ikinyesha, na siku hizi naona maji yametuama chini ya kioo. Ya kulia hupata ukungu kidogo alfajiri, nikiendesha unapotea. Fundi mmoja ameniambia tuizungushie silikoni taa nzima. Mwingine anataka kuitoboa kwa chini ili maji yatoke. Kabla ya mvua hizi nilibadilisha balbu za halojeni nikaweka za LED kote kuwili. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wote wawili waambie wasubiri. Na hiyo ya kulia usiiguse kabisa, haina ugonjwa.

Taa ya gari haifungwi kama chupa ya soda. Kwa nyuma ina matundu madogo ya kupumulia, mara nyingi kijibomba cha mpira kilichopinda kuelekea chini, au kitundu kilichofunikwa utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha taa, hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, nyingine inatoka. Ukizima, inapoa, inasinyaa na kuvuta hewa ya nje. Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa tunavuta hewa yenye unyevu mwingi. Alfajiri kioo cha taa kikishapoa kuliko hewa iliyomo ndani, unyevu ule unageuka umande juu ya kioo. Ukungu mwepesi usio na matone, unaoondoka ukiendesha nusu saa hivi taa zikiwaka, ni wa kawaida hata kwa gari jipya. Tena kwa LED utauona unakaa zaidi, kwa sababu joto la balbu hizo huenda nyuma kwenye kipoozeo chake, wakati halojeni ilikuwa inakipasha kioo moto.

Ya kushoto ni habari nyingine. Matone yanayotiririka na maji yaliyotuama maana yake kuna mahali pameachwa wazi, na mimi ningeanza kwa kufungua boneti na kuangalia mgongo wa taa, pale balbu ilipobadilishwa. Balbu nyingi za LED zina feni au mkia mrefu, hivyo ule mpira mweusi wa kuziba nyuma haukai vizuri. Mafundi wengine wanaukata, wengine wanauacha umekunjika upande mmoja, na wapo wanaoutupa. Mwenye gari hajui mpaka mvua inyeshe. Linganisha kushoto na kulia: mpira upo? Umekaa pande zote? Kijibomba cha kupumulia hakijachomoka au kuzibwa na tope na nyumba za wadudu?

Ukikuta nyuma pako sawa, hamia kwenye maungio ya kioo na nyumba ya taa, yaani kasha lake la nyuma, na kwenye nyufa. Gari lililowahi kugongwa kidogo upande huo linaweza kuwa na ufa nyuma ya bampa usioonekana kwa nje. Hapo itabidi taa itolewe. Je, taa ikishatolewa ichemshwe kwenye maji? Hapana, nimeona watu wakijaribu. Toa balbu, mwaga maji, kisha iache juani matundu yakiwa wazi, au tumia mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo na kwa mbali. Usiingize kitambaa ndani: ile rangi ya fedha inayorudisha mwanga ni tabaka jembamba sana la alumini, ikikwanguka hairudi. Wala usisuuze kwa petroli au thina, kwani kioo chenyewe ni plastiki na kinaweza kupasuka nyufa ndogondogo.

Ikishakauka, ziba tundu la balbu na matundu yote isipokuwa moja, paka maji ya sabuni kwenye maungio, kisha puliza taratibu kwa mdomo kupitia tundu lililobaki. Povu litatokea penye tatizo. Usitumie kompresa, utafungua maungio yaliyokuwa mazima.

Sasa ndiyo silikoni ina kazi, na ni pale tu povu lilipotokea. Angalia aina yake. Ile inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na mvuke wake unakula tabaka la fedha na vyuma vya soketi. Tafuta isiyo na harufu hiyo, au gundi nyeusi ya taa. Iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha taa.

Kuziba taa nzima pamoja na matundu ya kupumulia ndiyo njia ya uhakika ya kuiua, maana unyevu uliokwishaingia utabaki humo. Taa ikipoa itavuta kwa nguvu, na kama kuna mwanya wowote uliosahaulika, itanyonya maji yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo usikubali gari lioshwe kwa presha ukiwa umetoka safari ya usiku, taa bado za moto. Kutoboa nako kunatoa maji ya leo, lakini kila ukipita dimbwi unaingiza mengine, na vumbi la kiangazi juu yake.

Kuhusu balbu, ushauri wangu ni urudishe halojeni na mpira wake wa asili. Nyumba ya taa yako ilitengenezwa kwa ajili yake, na LED nyingi za kubandika humo zinatawanya mwanga na kuwaumiza macho wanaokuja mbele yako. Usishike glasi ya halojeni kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaifupishia maisha. Na usiiwashe kama ndani bado kuna maji, tone likiigusa ikiwa ya moto inapasuka.

Ukifungua ukakuta fedha imeshabambuka au soketi ina kutu ya kijani, usipoteze hela kwa gundi. Tafuta taa nyingine iliyotumika, na kabla ya kulipa igeuze mgongo: hakikisha masikio ya kufungia hayajavunjika, mpira upo, na vijibomba vya kupumulia vyote viko mahali pake.