Re: Muhula mmoja Ujerumani, masomo yatahesabiwa nyumbani?

Salama mkuu. Nimekuelewa: Erasmus+ (ufadhili wa Umoja wa Ulaya wa kusoma nje) umeipata, uko mwaka wa tatu sayansi ya kompyuta, hofu yako ni kurudi na kozi ambazo idara haizitambui.

Viza iache kwanza, nenda kwa mkuu wa idara. Linganisha mada za kila kozi na za kwenu, jina lisikudanganye. Mimi yangu ya mifumo endeshi ilikataliwa kisa haikuwa na maabara, nikairudia. Sahihi ziwe kwenye mkataba wa masomo (hati ya kozi utakazosoma huko na zitakavyotambuliwa nyumbani) kabla hujapanda ndege. Ahadi ya mdomo sahau.

Muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa kozi. Na kalenda ya Ujerumani: muhula wa baridi ni Oktoba hadi Machi, mitihani mingi Februari. Nchi nyingine aliyepita huko akujibu.