Usianze na ile 225

Wageni wengi wanaotaka kuboresha LLVM, mfumo wa kompaila unaotumiwa na Clang na Rust, hukimbilia namba. Wakisikia kwamba kwenye -O2 (ngazi ya uboreshaji wa msimbo) kikomo cha gharama ya kupachika funksheni ndani ya mwitaji wake ni 225, na kwenye -O3 ni 250, wanakipandisha, wanapima programu moja, wanashangilia. Programu nyingine zinanenepa na kashe inazidiwa. Namba iache kwanza. Washa -Rpass-missed=inline, usome kompaila imekataa wapi na kwa sababu gani.

Kisha ingia kwenye swali lenye utamu zaidi: je, pointa hizi mbili zinaweza kugusa memori ileile? Tazama kitanzi hiki:

for (i = 0; i < b->urefu; i++) b->data[i] = 0;

Hapa b ni pointa ya struct yenye urefu na data; data ni unsigned char *, na C inairuhusu pointa ya aina hiyo kugusa kitu chochote, hata struct hiyo yenyewe. Kwa hiyo kila baiti ikiandikwa, Clang (kompaila ya C ya LLVM) inalazimika kusoma upya b->urefu na b->data. Idadi ya mizunguko haijulikani, memset (funksheni ya kujaza memori kwa mkupuo) haiwezekani. Nakili vyote viwili kwenye vigeu vya ndani kabla ya kitanzi, uangalie asembli: mwito mmoja wa memset.

Sasa, kama struct hiyo ni kigeu cha ndani cha mwitaji, nacho kwake kinaitwa b, na funksheni yenye kitanzi imepachikwa, tatizo huweza kuisha bila wewe kugusa kitu, maana urefu na data vinahamia kwenye rejista. Ila mwitaji akishaipa &b funksheni ya logi iliyo kwenye faili jingine, anwani imetoroka na uchambuzi wa pointa unanyoosha mikono. (Hapo jaribu -flto, inayoiruhusu kompaila kuona mafaili yote pamoja.) Faida hii ya kupachika ndiyo hesabu ya gharama inayoikadiria vibaya, na hapo ndipo pa kuchimba.

Penye miiba ni restrict, neno la C. Ni ahadi juu ya kigezo kwamba memori yake haiguswi kupitia pointa nyingine, na funksheni ikipachikwa kigezo hakipo tena, basi LLVM huigeuza kuwa metadata ya noalias, yaani alama ya “hazigusani” kwenye maelekezo yenyewe. Rust iliwahi kuizima noalias kwenye &mut zaidi ya mara moja kwa sababu ya hitilafu za LLVM, ikairudisha kwenye toleo 1.54, mwaka 2021. Moja ya hitilafu hizo: kitanzi kikikunjuliwa (mwili wake ukinakiliwa mara kadhaa), mizunguko tofauti ilirithi metadata ileile, kompaila ikaamini haigusani hata pale inapogusana. Kwa hiyo badiliko lako la msimbo wa uchambuzi lijaribu kwenye vitanzi vilivyokunjuliwa kabla hujaonyesha mtu kasi yake.