Maswali yenu kuhusu kupumua, sauti na hii PhD yangu

Wiki iliyopita niligusia kwamba nasoma PhD kuhusu maindifulnesi kwa watu walio kwenye hatari ya kupata saikosisi, yani ile hali mtu anaanza kusikia au kuamini vitu ambavyo wenzake hawavioni kabisa, na tangu siku hiyo simu haipumziki. Maswali mengi yanafanana, nimechukua haya.

Hivi kweli mtu mzima anasoma miaka minne kuhusu kupumua? (Kaka wa Sakina, Arusha)

Hahaha, hata shangazi yangu kaniuliza hivohivo. Maindifulnesi ni kuirudisha akili palepale ulipo, kwenye pumzi yako, unachosikia na unachohisi mwilini, bila kukigombeza. Mmarekani Jon Kabat-Zinn ndo aliianzishia kozi ya hospitali mwaka 1979 huko Massachusetts, siku hizi ni ya wiki 8, na wengi waliokuja mwanzoni walikuwa watu wa maumivu sugu. Kwa msongo na sonona imeshachunguzwa mpaka basi. Ila mtu anayesikia sauti aliambiwa miaka na miaka, wewe kaa mbali na haya mambo. Mi nauliza, hilo katazo lilikuwa sahihi kwa kila mtu au lilitegemea zoezi lenyewe linafanywaje? Miaka minne wala haitoshi.

Mwanangu ana miaka 19, anasema mara mojamoja anasikia anaitwa jina lake na hakuna mtu. Ndo ameshachanganyikiwa? (Mama wa Kiboriloni, Moshi)

Shikamoo mama. Hapana, usianze kulia. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, kama watu 7 kati ya 100 wamewahi kupitia kitu cha namna hiyo, na kwa wengi wao kinakuja kinapotea chenyewe, wachache tu ndo wanafika kwenye ugonjwa. Mimi bibi alipofariki nilimsikia ananiita jikoni karibu wiki mbili, na sikuwa mgonjwa, nilikuwa na msiba.

Mwangalie kwingine. Analala? Anaoga, anaenda chuo, anakaa na wenzake? Ameanza kukataa chakula chako akihisi kimetiwa kitu? Kuna ndugu aliyewahi kuumwa hivyo? Anavuta bangi? Ukiona mawili matatu hapo hayako sawa mpeleke hospitali mapema, Mawenzi au KCMC, usisubiri mpaka avunje vyombo ndo mumfunge kamba mumpandishe kwenye Noah. Na mazoezi ya kupumua siyo ya kuanzia hapo, aonwe na daktari kwanza.

Nilifuata video, nikawa nakaa saa zima chumbani macho nimefumba. Siku ya nne nikahisi kama ukuta unanisema. Nilikosea wapi? (Kijana wa Ngarenaro, Arusha)

Mdogo wangu, kwanza umeacha? Acha. Halafu nijibu kwa inbox kama ulikuwa unalala vizuri na kama kulikuwa na bangi, maana kwenye ujumbe wako hayo uliyaruka, nimeona.

Mwaka huohuo wa 1979 madaktari wawili, Walsh na Roche, waliandika habari za watu watatu waliowahi kuugua skizofrenia, yani ugonjwa wa akili wenye hiyo saikosisi, ambao walirudiwa na ugonjwa baada ya mazoezi makali sana ya kutafakari (meditesheni). Ukisoma vizuri unakuta hapo palikuwa na mfungo, kukosa usingizi, na dawa zilikuwa zimeachwa. Mchanganyiko huo sisi hatuuoni Marekani tu, mkesha wa siku tatu bila kula na mgonjwa kaambiwa atupe vidonge tunaujua wote.

Wanaoyafanya haya na wagonjwa wamebadilisha zoezi lenyewe. Mwingereza Paul Chadwick alianza kuandika kuhusu vikundi vyake mwaka 2005: dakika kama 10 tu, ukimya mrefu haupo, kiongozi anaongea kila baada ya muda mfupi ili mtu asizame peke yake. Na lengo siyo kuifuta sauti. Fikiria stendi ya Moshi, wapiga debe wanakuvuta mkono Arusha Arusha Arusha, huwezi kuwanyamazisha na ukigombana nao ndo wanazidi, ila kusikia Arusha siyo kupanda gari la Arusha. Unahisi miguu yako chini, unawasikia, unabaki ulipo. Mtu akiweza hivyo na sauti inayomtukana, sauti inaweza kuwepo na siku yake ikaendelea. Wewe chumbani ulikuwa stendi usiku, peke yako, macho umefumba.

Hii si dini ya Wahindi? (wengi)

Mizizi yake ni ya Kibudha, sifichi. Ya hospitalini haina sala wala sanamu. Roho ikikataa usifanye, hakuna anayekulazimisha.

Kaka yangu anachoma sindano kila mwezi, inamtetemesha. Akianza mazoezi aache sindano? (Dada wa Pasua, Moshi)

Asiache. Kutetemeka aseme kliniki, kuna dozi ya kupunguzwa na kuna dawa ya kutuliza hiyo. Mazoezi yanakaa pembeni ya dawa, hayachukui kiti chake.

Utajuaje nani yuko kwenye hatari? (Mwanafunzi, Arusha)

Hapo umenishika pabaya. Kuna madodoso, yani karatasi za maswali, ya Chapman na wenzake wa Wisconsin, Marekani, moja la mwaka 1983 lina sentensi 30 za ndiyo au hapana kuhusu kuamini nguvu zisizo za kawaida. Huko ukijibu ndiyo nyingi unaonekana karibu na saikosisi. Sasa lilete huku kwetu Kilimanjaro, Uru au Marangu, muulize mzee kama mtu anaweza kumdhuru mwenzake bila kumgusa, atakushangaa kwa nini umesafiri kuja kuuliza kitu ambacho kila mtu anakijua, na kwenye karatasi yangu huyo mzee mwenye akili timamu kuliko mimi anahesabika hatarini. Kwahiyo kabla ya kupumua na mtu yeyote natafsiri upya, najaribu kwa watu wazima wasioumwa, nafuta, narudia, na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kinasubiri hayo maswali yakae sawa. Sahivi niko sentensi ya 11.