Mrija wa kemo (dawa za saratani): maswali yenu kutoka Kigoma

Shikamoo dada nesi. Mama anatibiwa saratani ya titi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Mishipa imekuwa migumu, anachomwa mara nne mpaka kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa, ikubali. Wametuambia tuchague mrija wa mkononi, piki, au porti ya kifuani. Kwetu ni Ujiji. Tuchague upi?

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Kwanza, mrija wenyewe asiukatae. Ile dawa nyekundu, doxorubicin, ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Nimewahi kumfunga kidonda dada mmoja ambaye ilimvujia mgongoni mwa kiganja: ngozi ilikuwa nyeusi kama ya mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto, na vidole havikunji. Mirija hii miwili yote hupeleka dawa kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, na damu ya pale ni nyingi, dawa inachanganyika papo hapo.

Piki huingizwa juu ya kiwiko kwa ganzi tu, bila kupasuliwa. Ila kipande chake kinabaki nje, na kila wiki lazima bandeji ibadilishwe na mrija usukumwe maji ya chumvi. Porti ni kikopo cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kinashonewa chini ya ngozi ya kifua. Hakuna kinachoning'inia, na kama haitumiki husafishwa kila baada ya wiki 4 hivi au zaidi. Gharama yake ni kubwa, na kuiweka na kuitoa ni upasuaji mdogo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mtu aende hospitali ya Maweni hapo Kigoma aulize: yupo muuguzi anayejua kuhudumia piki, na vifaa vipo? Kama yupo na mizunguko ya kemo iliyobaki ni michache, piki inatosha. Kama hayupo, mimi ningemshauri mama porti, ikiwa mnaimudu. Reli kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilometa 1,200. Hamtaisafiri kila wiki kwa ajili ya bandeji. Mkumbusheni pia daktari kama alitolewa tezi za kwapa, maana kwa kawaida mrija huwekwa upande mwingine.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Katonga. Nina piki. Naweza kurudi ziwani?

Kuvuta nyavu kwa mkono huo, hapana, kaka yangu. Mrija unaweza kusogea, na kazi ya kuvuta usiku kucha inausugua mshipa. Kuogelea nako hapana kabisa. Maji ya ziwa yakiingia chini ya bandeji yanaleta vijidudu hadi kwenye damu. Ukioga nyumbani, funga nailoni mkononi. Lakini usiuache mkono umelala tu: kunja na kukunjua vidole, vaa shati, shika kikombe. Ukivimba, au shingo ikiuma upande huo, huenda damu imeganda. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Zahanati wanataka kumchoma mtoto dawa ya malaria kupitia porti kwa sindano ya kawaida. Ni sawa?

Wakatalie kwa heshima. Porti ina sindano yake maalumu. Ya kawaida inakatakata mpira wa juu ya porti unaopitisha sindano, na ukishaanza kuvuja porti nzima hutolewa. Atafutiwe mshipa wa mkono.

Baba alisafishwa mrija mchana, usiku akatetemeka, joto 38.5. Tumpe panado tusubiri asubuhi?

Msisubiri, mpelekeni hospitali sasa hivi. Mtu wa kemo mwenye mrija akifika nyuzi 38 ni dharura, hata akisema anajisikia nafuu. Mkifika mlangoni semeni kwanza, "ana mrija wa kemo," ili apimwe damu na kuanzishiwa antibiotiki bila kukaa foleni.

Piki ikichomoka yenyewe?

Usiirudishe ndani. Mlaze, kandamiza tundu kwa kitambaa safi mpaka damu ikate, funga, kisha nendeni hospitali na mrija wenyewe, wakaupime kama umetoka wote.