Kuhakiki Baba wa Ndama: Kwa Mnaoanza Kazi

Wengi wenu mnaokuja kwetu Dodoma mkitoka chuoni hudhani kwamba nasaba ya ng'ombe huhakikiwa maabara. Kwa uzoefu wangu, kazi hiyo husalimika au huharibika zizini, kabla bahasha ya sampuli haijafungwa.

Singa za mkia huchomolewa, hazikatwi kwa mkasi, kwa kuwa vinasaba tunavyovihitaji vimo kwenye shina la unywele, kile kidoa cheupe kinachoonekana ukiuinua juani. Singa thelathini hivi zenye mashina zinatosha, nazo ziwekwe katika bahasha ya karatasi, maana mfuko wa plastiki hutunza unyevu na mashina huoza. Namba ya hereni iandikwe ng'ombe angali mbele yenu, tena isomwe sikioni wala si daftarini, kwa sababu daftari ndilo tunalolihakiki. Kwa ndama pacha epukeni damu: pacha huweza kupitishiana seli za damu wangali tumboni, na sampuli moja ikaonyesha aleli, yaani matoleo ya kipande kimoja cha vinasaba, za wanyama wawili.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: katika kila alama, yaani sehemu ya vinasaba tunayoipima, ndama hurithi aleli moja kwa mama na moja kwa baba. Tuseme kwenye BM2113, mojawapo ya mikrosatelaiti (vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia) 12 zinazotumika kimataifa, ndama ana aleli 125 na 135, zinazotajwa kwa urefu wake, na mama yake ana 125 na 127. Basi 135 imetoka kwa baba, na dume mwenye 131 na 139 hakuweza kuitoa. Hata hivyo msimfute kwa alama moja, kwa kuwa mabadiliko ya vinasaba hutokea na usomaji nao hukosewa. Subirini alama kadhaa zimkatae. Asipokataliwa, andikeni hivyohivyo, kwamba hakukataliwa, kwa sababu hata ndugu yake wa baba na mama mmoja anaweza kupita. Katika kundi dogo lenye undugu wa karibu, kama makundi ya ng'ombe wa Mpwapwa yanavyoweza kuwa, hatari hiyo si ya vitabuni tu, na mimi hupendelea paneli ya snipi (alama za tofauti ya herufi moja ya vinasaba) 100 au 200 pale fedha inaporuhusu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimweleza mfugaji mmoja kwamba ndama wake hakutokana na mbegu aliyoilipia, naye akamgombeza mhimilishaji, yule aliyempandikiza ng'ombe mbegu, mbele ya watu. Niliporudia majibu usiku, nikaona hata mama hakulingana na ndama, jambo ambalo kosa la dume haliwezi kulileta. Nilikuwa nimebadilisha bahasha mbili mwenyewe, siku ya upepo na vumbi. Tangu hapo nasoma safu ya mama kabla ya safu ya baba.

Mama akilingana na baba akikataliwa, hesabuni tarehe. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi na joto, yaani hamu ya kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21, hivyo ndama aliyechelewa takriban wiki tatu huashiria kwamba uhimilishaji haukushika na dume mwingine alimpanda mama kwenye joto lililofuata. Hapo muulizeni mfugaji, kwa upole na pasipo watu, ng'ombe wake alikuwa akinywa maji bwawa lipi wiki ile, na madume ya nani yalikuwapo.