Kupunguza kasi ya mota ya DC ya volti 24 na kuisimamisha

Habari ndugu. Nimekuelewa: toroli lako la mizigo lina mota ya sumaku za kudumu, umepunguza kasi kwa rizista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme), sasa rizista inaungua na ukizima toroli linazidi kuserereka.

Hiyo rizista itoe. Mzigo ukizidi, mota inavuta ampea nyingi, volti nyingi zinaishia kwenye rizista, na nguvu inakata pale pale unapoihitaji. Tafuta kontrola ya PWM, yaani kifaa cha kudhibiti kasi ya mota. Huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo mota hupata wastani mdogo wa volti na kasi hushuka. Chukua yenye ampea mara mbili ya zilizoandikwa kwenye mota, na fyuzi iwe karibu na betri.

Kusimama: swichi ikate umeme kwanza, ndipo iunganishe nyaya mbili za mota kupitia rizista kubwa inayohimili joto, ya omu 2 hivi. Mota inageuka jenereta na hivyo kujizuia kuzunguka, mkondo wa mwanzo kama ampea 12. Usigeuze nyaya (chanya kuwa hasi) ghafla mota ikizunguka, hata kama mafundi wengine hufanya: mkondo unapanda vibaya na brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zinaungua.

Ila breki hii hufifia kasi ikishuka, na kwenye mteremko haishikilii. Kama kuna mlima, au mtu anapanda juu ya toroli, funga breki ya kawaida ya gurudumu na fundi aikague kwanza.