Daftari Langu la Sukari Lilijaa Uongo

Kwa miezi kama mitano nilikuwa namdanganya daktari wangu. Asubuhi nikipima sukari nikakuta 11.8, daftarini naandika 6.9. Nikikuta 14 naruka siku, au naandika 7.4 ili mambo yasionekane mazuri kupita kiasi. Hata kalamu nilikuwa nabadilisha, leo ya bluu, kesho nyeusi, ili ionekane kila tarakimu iliandikwa siku yake. (Hizo ni milimoli kwa lita. Kama mashine yako inasoma miligramu, zidisha kwa 18.)

Kilichoniumbua ni kipimo cha HbA1c. Sukari iliyomo kwenye damu hujishikiza kwenye hemoglobini, ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo kipimo hiki hakijali jana ulikula nini. Kinaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Daftari langu lilisema niko salama. Majibu yakaja asilimia 10.4, wakati lengo langu lilikuwa 7. Muuguzi akaziweka karatasi mbili mezani, akanitazama. "Baba, hapa naona watu wawili. Mimi namtibu yupi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni woga wa sindano. Nilikuwa nameza vidonge vya kisukari, metfomini na gliklazidi, dozi zimeshapandishwa hadi mwisho wake, na nilijua nikionyesha namba za kweli neno litakalofuata ni insulini, dawa ya kushusha sukari inayochomwa kwa sindano. Kichwani mwangu insulini ilikuwa ya mgonjwa aliyeshindikana. Shangazi yangu alianzishwa sindano, na mwaka uleule akakatwa mguu. Ukoo mzima tukasema sindano ndiyo iliyommaliza. Leo najua mguu ule uliharibiwa na miaka mingi ya sukari kuwa juu. Insulini iliitwa kwa kuchelewa, ikakuta nyumba imeshaungua, ikabebeshwa lawama ya moto.

Laiti ningeelezwa mapema kinachotokea mwilini. Katika kisukari cha aina ya pili, seli za kongosho zinazotengeneza insulini hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda, na mara nyingi siku unayogundulika zimeshachoka vya kutosha. Metfomini hulizuia ini lisimwage sukari ovyo na huusaidia mwili kuitikia insulini uliyonayo. Gliklazidi hulikamua kongosho litoe zaidi. Sasa kamua nguo ambayo imeshakauka uone utapata nini. Hapo unaongezewa kutoka nje kile ambacho mwili hautoi tena, na si adhabu ya kula vibaya. Januari 1922, kule Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini kutibiwa kisukari. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari kama chake, aina ya kwanza, alikuwa akisubiri kifo tu. Yeye akaongeza miaka 13.

Nilianza na uniti 10 za insulini ya muda mrefu kila usiku, huku metfomini ikiendelea. Sindano yenyewe ilinitia aibu kwa jinsi nilivyoiogopa: uzi mfupi wa chuma, unauma kidogo kuliko kile kidude cha kutobolea kidole. (Kidole chenyewe toboa ubavuni, si katikati ya ncha, na nawa mikono kwanza. Niliwahi kupima nikiwa nimetoka kumenya tunda, mashine ikanipa namba ya kutisha.)

Makosa niliyafanya baadaye, nilipozoea. Nilikuwa nachoma sehemu ileile ya tumbo kwa sababu haikuwa ikiuma tena. Haikuuma kwa kuwa palishaota kinundu cha mafuta chini ya ngozi, na insulini ikiingia hapo hunyonywa inavyotaka yenyewe, leo polepole, kesho kwa kasi. Sukari ikawa haieleweki, dozi ikawa inapandishwa. Muuguzi alipopapasa tumbo langu akagundua. Zunguka: tumbo kulia, kushoto, mapaja, na hata kwenye tumbo usirudie palepale pa jana. Ila ukihama kutoka kwenye kinundu kwenda ngozi nzima, mwambie daktari kwanza, kwa sababu dozi ileile inaweza kukuangusha.

Mimi iliniangusha. Usiku nikaamka nimelowa jasho, mikono inatetemeka, namfokea mke wangu kwa kosa nisilolijua. Alinipima yeye: 3.1. Chini ya 4 ni hatari, usisubiri. Unahitaji gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka, yaani vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha unangoja dakika 15 na kupima tena. Ikiwa bado iko chini, unarudia. Ikipanda, na mlo uko mbali, unakula kitu kidogo cha kukushikilia. Mimi nilifungua kabati nikala kila nilichokiona, asubuhi nikaamkia 17. Na walio nyumbani waambie hili mapema: mtu akipoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni, aitiwe msaada au akimbizwe hospitali.

Insulini usiyoitumia bado ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, ikiganda, itupe. Uliyoifungua, aina nyingi hukaa wiki nne hivi nje ya friji ikiwa mbali na joto, lakini soma karatasi ya aina yako. Ile yenye rangi ya maziwa huviringishwa taratibu kwenye viganja hadi ichanganyike, haitikiswi.

Kuhusu vidonge nina machache. Metfomini imeze na chakula. Mwanzoni ilinikimbiza chooni wiki nzima, nikataka kuiacha, mpaka nilipopewa ile inayoyeyuka polepole. Ukiitumia kwa miaka, omba upimwe vitamini B12, maana ikipungua huleta ganzi miguuni, na wewe utadhani ni kisukari. Na siku ukiugua, ukashindwa kula, usijikatie insulini kwa mawazo yako. Maradhi yenyewe hupandisha sukari. Pigia simu watu wako wa kliniki. Metfomini huenda wakaisimamisha kidogo ikiwa unatapika na kukaukiwa maji, lakini waamue wao.

Chakula na mazoezi nilihubiriwa mpaka nikachoka, kwa hiyo sitakuhubiria. Nitakwambia kilichonibadilisha. Jioni moja nilipima saa mbili baada ya kula, nimekaa kwenye kochi: 12.6. Kesho yake chakula kilekile, kiasi kilekile, ila nilipomaliza nilitembea dakika 20. Saa mbili baadaye: 9.1. Tangu siku hiyo sibembelezwi kutembea. Nilifanya hivyohivyo kwa sahani: nusu mboga, robo nyama au kunde, robo wanga, na mboga ndizo naanza nazo. Jaribu kwa mashine yako mwenyewe, kwani mwili wangu si wako. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyokamua kongosho, tembea na sukari mfukoni.

Miguu naikagua kila usiku, hadi katikati ya vidole. Macho na figo napimwa kila mwaka. Sigara niliiacha, na hilo lilikuwa gumu kuliko sindano.

HbA1c yangu ya mwisho ilikuwa 7.3. Daftari ni lilelile, nimegeuza tu ukurasa. Jumamosi iliyopita niliandika 13.2, na pembeni nikaongeza: keki, vipande viwili. Muuguzi alipofika hapo alicheka, akaniuliza ilikuwa keki ya nani.